Firigisi ya Baba Mkwe na Nusu Saa Baada ya Chuma

Nikolaus, Fundi Cherehani,
Upande wa Nguo, Sokoni,
Kilosa.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Theodory,
Tindiga.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FIRIGISI, MUDA WA KULA, NA MKE WANGU

Baba, shikamoo.

Marahaba yako nitaipokea kwa njia yoyote utakayoona inafaa, hata kama ni kupitia kwa kijana wa bodaboda aliyeleta barua hii. Nimemwambia asiwashe pikipiki kabla hajaisikia.

Ningeweza kupiga simu. Lakini ni wewe uliyetuambia siku ya mahari kwamba jambo la ukweni likisemwa kwenye simu linakuwa uvumi. Basi naandika. Najua pia kwamba macho yako siku hizi hayapatani na maandishi madogo, na barua zako husomwa na mabinti. Naomba hii isomwe na Editha, siyo mke wangu Siwema. Siwema ni sehemu ya malalamiko, na haipendezi mtu ajisomee mwenyewe.

Editha, habari za huko. Soma taratibu, na ukifika penye jina la kaka yako Emanueli usicheke.

Baba, mimi ni fundi nguo. Shule niliishia darasa la saba, lakini kazi imenifundisha kutazama. Mtu akiingia bandani kwangu, kabla hajasalimia nimeshajua kiuno chake, na mara nyingi nimeshajua na anachokificha. Sasa, tangu wajenzi wa reli mpya wapite hapa, nimeona jambo: vijana wa Kilosa wameota mikono. Shati la mwaka juzi halipiti begani, na kila anayekuja anataka mkono wa shati umbane ili kilichomo kionekane. Nimeyashona mashati hayo moja baada ya jingine, na jioni nikivua la kwangu naona mikono yangu imening'inia kama kamba za viatu. Na huko kwako shemeji Emanueli alikuwa ameshanipa jina la Sindano, tena mbele ya mke wangu. Ndipo nilipokwenda kwa Kasian.

Kasian ana jimu nyuma ya karakana ya kuchomelea. Vyuma vyake ni magurudumu ya vitoroli vya mkonge vya zamani, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kazi hiyo alijifunzia Mikumi, kando ya barabara kuu, na amerudi nayo pamoja na maneno machache, mengi yake yakiwa ya chakula. "Chuma hakijengi mtu," anasema. "Chuma kinabomoa. Kinachojenga ni sahani." Kwa mafundisho yake, ukishaweka chuma chini, mwili unafungua dirisha kama lile la tiketi stesheni. Ndani ya nusu saa uwe umepitisha kitu cha kujenga, yaani yai, maziwa, maharage, dagaa au nyama, pamoja na kitu cha kurudisha nguvu kama ndizi au kiazi kitamu. Nusu saa ikipita karani anashusha dirisha na kwenda zake. Utakachokula baada ya hapo kinabaki tumboni, na tumbo, Baba, halijawahi kuhitaji msaada wa mtu.

Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Sasa malalamiko.

1. Kuhusu kazi niliyoifanya siku ile

Inasemwa huko Tindiga kwamba nilikuja ukweni kufuata chakula. Nakanusha. Jumapili ile mimi na Siwema tulipofika, magunia ya mpunga yalikuwa bado uwanjani. Emanueli aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "Shemeji, wewe kaa kivulini. Kikidondoka kifungo tutakuita." Wewe ulikuwepo. Uligeuka kutazama pembeni, lakini mabega yako yalicheka.

Nikavua shati. Nilibeba gunia mpaka ghalani, nikarudi nikabeba jingine, na sikuacha mpaka Emanueli mwenyewe akakaa chini na kuomba maji. Hilo halisimuliwi popote. Kwa vipimo vya Kasian, yale yalikuwa mazoezi kamili ya mgongo, mapaja na mabega. Kwa hiyo nilipoliweka gunia la mwisho dirisha lilifunguka. Dirisha halijui kwamba hapa ni ukweni.

2. Kuhusu kucheleweshwa

Mama alikuwa ameshaepua. Harufu ya kuku ilitupokea uwanjani. Nikaambiwa nikaoge kwanza, na hilo ni sawa. Kisha alipita jirani, akakaribishwa, akasema ameshakula, akakaribishwa tena, akasema ana haraka, akakaribishwa tena, akavua viatu. Hilo nalo ni sawa, ndivyo tulivyolelewa. Kisha Editha akaja na birika na beseni. Akaanza na wewe, akaenda kwa jirani, akaenda kwa Emanueli, na mimi nikawa wa mwisho, wakati mikono yangu ndiyo iliyokuwa na safari.

Sinia la wali likawekwa katikati ya mkeka. Bakuli la kuku likawekwa juu yake, na firigisi ikageuziwa upande wako, maana katika nyumba zetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mkwe hata kuitazama sana si adabu.

Ukasema, "Tuombe."

Baba, naheshimu sana unavyoomba. Ulishukuru kwa ajili ya mpunga. Ukamkumbuka marehemu babu aliyekuja huku kukata mkonge na hakurudi kwao. Ukaomba mvua ije lakini isizidi, maana mafuriko tunayajua. Ukaombea daraja. Ukawaombea wenye mashamba na wenye ng'ombe wasikilizane. Ukafika kwenye treni ya umeme, kwamba isije ikamdhuru mtu wala mnyama wa mtu. Kila ulipovuta pumzi nilidhani sasa ni amina, kumbe unaelekea Dodoma. Na mimi, nimefumba macho kama wenzangu, nilikuwa namwona karani anashusha dirisha.

3. Kuhusu firigisi yenyewe

Watu wanaongea kana kwamba niliitamani. Sikuitamani, niliifikiria. Paja lingeacha pengo ambalo hata jirani angeliona. Mgongo una mifupa, na mifupa inasema. Firigisi ni kipande kidogo kuliko vyote, haina mfupa, haina mafuta, na Kasian anaisifu kuliko sehemu yoyote ya kuku. Nilichagua hasara ndogo kabisa kwa nyumba yako. Mkono ulikwenda na kurudi wakati wewe, katika sala, ukiwa kwenye treni.

Kilichoharibika ni jambo moja la kiufundi. Firigisi si ini. Ini linapita lenyewe, lakini firigisi inataka kutafunwa, tena inataka utulivu. Uliposema "kwa Kristo Bwana wetu," mkeka mzima ukaitikia amina isipokuwa mimi. Mkafumbua macho. Emanueli akatazama bakuli, akatazama shavu langu, kisha akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Shemeji, sema amina."

Nilitikisa kichwa kuonyesha kwamba naafiki.

4. Kuhusu ukimya wako

Ungenigombeza tungeyamaliza siku ile ile. Badala yake ulikula polepole, ukaniuliza habari za Kilosa, ukanisogezea na kipapatio kwa mkono wako mwenyewe, na kipapatio kile kilinikaa kooni kuliko firigisi. Mama akaniongeza wali. Jirani alikuwa anakohoa kikohozi ambacho si cha kifua. Ni wakati wa kunawa ndipo uliposema, ukitazama beseni, "Siwema atabaki kidogo atusaidie mpunga."

Neno kidogo nalijua, ni la kazini kwangu. Mteja akisema punguza kidogo, mkasi unajua pa kusimama. Lakini mpunga umeshapepetwa, umeshaanikwa, umeshapelekwa mashineni, na nasikia sasa Siwema anasaidia mahindi. Baada ya mahindi kuna maharage, na baada ya maharage mtakuwa mnalima tena. Baba, Tindiga ina rutuba sana. Nikingoja ardhi yenu imalize shughuli zake nitazeeka peke yangu.

5. Kuhusu Emanueli

Siku ya gulio alikuja mjini akapita banda hata banda akisimulia. Jina la Sindano limekufa, na sikulilia. Sasa naitwa Fundi Amina. Mama mmoja alitoka Zombo na kitenge chake, ameelekezwa kwa Fundi Amina, na njia nzima alikuwa anafurahi kwamba atapimwa na mwanamke mwenzake. Aliponikuta alikaa kidogo kwa adabu, kisha akaondoka na kitenge. Vijana wa bodaboda wakipita kwangu mmoja anapiga honi, na wa nyuma anaitikia amina. Na kwa Kasian, nikishaweka chuma chini, jimu nzima inafumba macho.

6. Kuhusu simba

Kasian anasema kule Mikumi amewaona simba mara nyingi, na hajaona hata mmoja aliyeangusha nyati kisha akakaa kungoja wakubwa wanawe mikono. Anaangusha, anakula, na ndiyo maana ana mabega yale. Nilitaka niitumie hoja hii kama msingi wa barua nzima. Lakini nilipomhoji zaidi alinieleza kwamba kwa simba wanaoangusha ni majike, na anayekula kwanza ni dume mzee ambaye asubuhi yote alikuwa amelala. Hapo niliona hoja inaanza kuhamia upande wako, nikaiacha.

7. Kuhusu wanaosema misuli yenyewe haipo

Huyu ni Emanueli tena. Anasema amenitazama mbele na nyuma na haoni tofauti. Emanueli si fundi. Mkono wangu ulipimwa kwa tepu kila wiki tangu nianze mazoezi mpaka Jumapili ile, tena na shahidi asiyenipendelea, yaani binti yako, ambaye hata harufu ya ile jimu haipendi. Mtu hawezi kujipima vizuri mkono alioukunja, tepu inateleza. Kwa hiyo mimi nakunja, natazama ukutani, naye anazungusha tepu na kusoma. Kila wiki mkono uliongezeka. Hata wiki niliyolala na homa uliongezeka, jambo ambalo Kasian alisema hajapata kuliona Kilosa wala Mikumi.

Na chanzo cha maendeleo hayo ni huyo huyo Siwema. Jioni nikiwa kwenye chuma, yeye alikuwa anasimama nje ya ukuta wa Kasian na mayai ya kuchemsha ndani ya kitambaa, yakiwa bado na moto, pamoja na kiazi. Nikitoka tu anasema, "Haya, kula, karani asije akaondoka." Kisha tunarudi nyumbani mimi nikitafuna na yeye akinisema. Mwanamke wa namna hiyo, Baba, ndiye mliyemweka kwenye mahindi.

8. Mapendekezo

Mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta kitambaa kingine. Napendekeza yafuatayo.

Sala iwe baada ya chakula. Mungu ana subira, na dirisha lake halifungwi. Nadhani atapendelea pia kusikia shukrani ya watu walioshiba kuliko ya watu wanaochungulia.

Firigisi isigawiwe kwa umri wala kwa umiliki wa nyumba, igawiwe kwa jasho. Kabla ya kula, Mama atazame migongo ya mashati. Shati lililolowa zaidi ndilo lenye firigisi.

Ikiwa hilo ni zito, basi mkwe anapokuja wachinjwe kuku wawili, ili kuwe na firigisi ya heshima na firigisi ya misuli. Wakwe wakiwa wawili, kuku watatu. Najua una mabinti wengine wanaokaribia kuolewa, kwa hiyo ni vizuri banda la kuku lipanuliwe mapema.

Jambo hili lisiishie nyumbani kwako. Lifike kwa wazee wa Tindiga, liende Zombo, lije wilayani, mpaka kila mkwe anayenyanyua vyuma apewe kitambulisho chenye picha ya mkono wake, akionyeshe mlangoni kwa wakwe, na kimruhusu kuanza kula popote sala itakapokuwa imefikia.

Na wewe mwenyewe, Baba, kwa heshima zote, uje siku moja kwa Kasian. Hatutakupa gurudumu, utapewa kopo dogo la saruji. Ukishalinyanyua mpaka mikono iteteme tutakuketisha mbele ya kuku, tutakuambia ufumbe macho, na sala nitaiongoza mimi. Nitaanza na mpunga.

La mwisho, Siwema arudi. Wengine wangeliweka la kwanza, lakini kwetu sisi mafundi vifungo hushonwa mwisho, na bila vifungo hakuna shati.

Yakikubaliwa hayo yote, niko tayari kusahau.

Msalimie Mama, na umwambie wali wake sina ugomvi nao. Jirani naye msalimie, na uniulizie kama kikohozi kimepungua. Emanueli apewe salamu zake kamili, maana kumlalamikia mtu bila kumsalimu ni matusi. Kuku waliobaki nawatakia maisha marefu. Mshenga wangu Petro anakuamkia, na anasema yuko tayari kufuatana nami siku utakayotaja, ila niwahakikishie kwamba yeye hanyanyui chochote.

Ni mimi mkweo, ambaye shikamoo yake bado iko pale pale,

Nikolaus

Nyongeza. Editha, hapa usisome kwa sauti. Sogea umsomee Baba sikioni, na kwanza utazame Siwema yuko wapi.

Baba, barua nilikuwa nimeshaikunja. Leo nimetoka kwa Kasian, nikawahi nyumbani, nikachemsha mayai, nikaweka na kiazi na chumvi pembeni. Kila kitu kwa wakati. Hapakuwa na jirani wa kungoja wala mtu wa kuomba, na firigisi zote za Kilosa zingeweza kuwa zangu. Yai la kwanza nililimenya, nikalishika, nikalirudisha kwenye sahani. Halikushuka. Nusu saa ikaja, ikanikuta nimelishika tena, ikapita.

Nikaona basi angalau nijipime, nijue nasimamia wapi. Nikabana ncha ya tepu chini ya mguu wa cherehani, nikaingiza mkono, nikaukunja, nikaivuta ncha nyingine kwa meno. Nikarudia upande wa pili. Kupima ni kazi yangu, sikosei. Mkono huu, Baba, ndio ule ule niliokuja nao kwako kuposa. Haujaongezeka hata uzi. Kila wiki nilipokuwa natazama ukutani, binti yako alikuwa ananisomea kitu ambacho hakipo kwenye tepu.

Kwa hiyo mapendekezo yote hapo juu nayaondoa. Jumapili nakuja na Petro na jogoo. Nitanawa wa mwisho. Omba kwa kadiri utakavyojaliwa, ufike na treni mpaka Mwanza, nami nitaitikia amina kwa mdomo mtupu.

Ila nakuomba, kama mtoto anavyomwomba baba yake, Siwema asijue kwamba nimejipima. Akirudi nataka nikunje mkono, nitazame ukutani, naye asome kama alivyokuwa anasoma.